Mwaka wa Jua Kuzama Mara Mbili

Chacha alikuja Migori mwezi uliopita, akaingia studio yangu bila kubisha, akakaa kwenye kiti cha wateja na kutulia kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Nywele zimemtoka mbele, tumbo limemtangulia. Hatukuwa tumeonana tangu aliporudi kwao Kehancha kulima tumbaku. "Ochieng," akasema, "bado unawafukuza watu mchana?" Nikamjibu kwamba siwafukuzi, nawaambia warudi jioni. Akamgeukia mama mmoja wa sokoni aliyekuwa akingoja picha zake, akamwambia, "Huyu alizaliwa jua likiwa utosini, ndiyo maana akaitwa Ochieng. Sasa ni hilo hilo jua analoliogopa." Yule mama akacheka mpaka akashika meza. Nilipofunga duka tulikwenda kula, na maongezi yakatupeleka Homa Bay, kwa Mzee Elkana na Mama Turfosa mkewe, mwaka ule tuliopanga kwao. Chacha anaukumbuka haraka haraka, kwa vichekesho. Mimi nakumbuka polepole na ninaandika polepole zaidi, kwa hiyo ameniachia niandike mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Chumba chetu kilikuwa cha nyuma, katika nyumba iliyokuwa nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Mbita. Kuta za ndani hazikufika kwenye mabati. Ziliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na hewa iliyobaki juu yake ilikuwa ya wote. Kikohozi kilikuwa cha wote, harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa ya wote, na maneno pia. Chacha hakujua Kijaluo, basi nyumba nzima ilihamia Kiswahili kwa ajili yake, hata wenyewe kwa wenyewe, na Mama Turfosa alikisema kama mtu anayevuka mto kwa kuchagua mawe. Walikuwa Wasabato, na Mzee alikuwa mzee wa kanisa. Majani ya chai hayakuwamo mle ndani. Tulikunywa soya asubuhi na maji ya mchaichai jioni. Samaki asiye na magamba hakuvuka kizingiti. Chacha, ambaye amekulia kwenye ng'ombe, alirudi siku moja na kipande cha kamongo aliyekaushwa, amefurahi kwamba na yeye ameleta kitu. Mama alimpokea mlangoni. "Mwanangu, huyu amevaa nini?" Chacha akamgeuzageuza. "Hajavaa kitu, Mama." "Basi mrudishe akavae magamba, ndio aje kwangu." Chacha akaenda kumlia kwa fundi wa baiskeli.

Siku ya Ijumaa nyumba ile ilikuwa na mbio zake. Mama alipika chakula cha siku mbili, wali na maharagwe na chapati, akakifunika kwenye hotipoti. Viatu vilipigwa rangi, maji yakatekwa, jiko likazimwa na majivu yakamwagwa nje. Upande wa magharibi wa nyumba palikuwa na kilima, na Mzee alifungua Sabato pale kivuli cha kilima kile kilipogusa geti lake. Kwingine mjini watu walikuwa bado wanauza nyanya juani, lakini kwa Mzee Elkana jua lilikuwa limezama. Chacha alimuuliza mara moja kwa nini yake iwahi kuliko ya jirani. "Kingo za Sabato hulindwa," Mzee akasema. "Ukimngoja mgeni ndani, hawezi kukukuta unafagia." Alisema hivyo bila ubishi, na hatukuuliza tena.

Kazi yetu ilikuwa picha za nje. Tulikuwa na kamera moja ya mitumba tuliyoinunua pamoja. Chacha alizungumza na watu, mimi nilipiga. Tuliwapiga maharusi, kwaya, wasichana waliohitimu ushonaji, vijana waliotaka kuonekana kama wana gari. Mimi sikuweza kumwambia mtu mzima ageuze kidevu chake, niliona haya. Badala ya kumsogeza mtu nilijisogeza mwenyewe, na kama bado sikupata nilichotaka, nilingoja jua ndilo lisogee. Naamini nilijifunza mwanga kwa sababu ya haya. Siku hizi simu inapiga picha hata gizani, na vijana huniuliza ninangoja nini. Ninachojua ni kwamba jua la utosini huchimba mashimo mahali pa macho na kuunguza shati jeupe likawa kama karatasi, na kwamba ngozi yetu hung'aa yenyewe asubuhi jua likichomoza na jioni likielekea kuzama, kama mtu aliyetoka kuoga na kujipaka mafuta. Na kwetu huku jua halikawii. Likishaanza kushuka, limeshuka. Nilikuwa nikinyoosha mkono na kupanga vidole kati ya jua na maji, na kila kidole kilikuwa kama muda wa kuchemsha sufuria ndogo ya soya. Vidole viwili vya mwisho ndivyo vilivyokuwa vyangu.

Kazi ya Chacha ilikuwa kuwashikilia watu mpaka vidole viwili vifike. Kwaya moja ya Awendo ilitaka kupigwa mara tu baada ya chakula cha mchana. Chacha akawaambia, "Jua la saa hii linakula sura. Mnataka sura zenu ziliwe?" Mwalimu wa kwaya akasema wana haraka. "Haya. Lakini sauti nyororo kama hizi zikitoka kwenye nyuso zenye mashimo, watu watafikiri ni kanda ya mazishi." Wakangoja, wakinung'unika, wakila miwa. Jioni ile kulikuwa na shamba la miwa limechomwa moto tayari kwa kuvunwa, moshi wake ukapita mbele ya jua, na mwanga ukaja mwekundu, mzito, ukiwapaka wote rangi moja kuanzia mwalimu mpaka mtoto wa mbele. Hakuna aliyenung'unika tena. Mimi nilibonyeza bila kukoma. Ile ndiyo mara ya kwanza niliyofikiri kwamba hii huenda ikawa kazi na si kuzurura tu.

Katikati ya mwaka ule Mzee Elkana alianza kuzungumza akiwa ameweka kiganja shavuni. Tulidhani ni jino. Kisha kiganja kikawa leso, na leso haikutosha: uvimbe ulikuwa umetokea kwenye taya la kulia, ukakua mpaka ukawa kama ndimu, kisha kama pera. Madaktari wa Kisumu walisema watamfanyia upasuaji, na kwamba kipande cha mfupa wa taya kitatoka na uvimbe wenyewe. Walimpa siku ya kufika hospitalini, Jumatatu asubuhi, na Dani, mwanawe mkubwa, akasema atakuja kumchukua kwa gari Jumapili kabla ya kupambazuka. Baada ya hapo nyumba ikawa na utulivu ambao sikuuzoea. Jioni moja, tukimenya viazi chumbani kwetu, tuliwasikia wakizungumza ng'ambo ya ukuta, chakula kikiwa bado mezani.

"Baba Dani, nitakujuaje ukirudi?"

"Kwa sauti."

"Na sauti wakiigusa?"

"Basi kwa nitakavyouliza samaki yuko wapi."

Mama hakucheka. "Miaka yote hii mimi nimelala nikiangalia uso mmoja," akasema. "Sina hata picha yake. Ile ya kitambulisho umekaa kama mtu aliyekamatwa." Mzee akasema kwamba sura si mtu. "Najua sura si mtu," Mama akasema. "Lakini mimi nimeizoea." Chacha aliacha kumenya. Tulikaa na visu mkononi mpaka tulipomsikia Mama akikusanya sahani.

Alhamisi, siku tatu kabla ya safari, Mama alitufuata kisimani. Alitaka picha ya Mzee kabla hajaondoka, yeye na Mzee pamoja. "Usinipigie ugonjwa," akaniambia mimi, si Chacha. "Nipigie yeye." Mzee hakutaka, alikuwa amekataa wiki nzima. Siku ile alikubali ghafla, mchana, pengine ili yaishe, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia mzee wa kanisa angoje. Nilimpiga mlangoni, jua likiwa juu ya paa. Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera niliona kabla yake: uvimbe ulikuwa umening'iniza kivuli kizito shingoni, ukawa mara mbili, na macho yake hayakuonekana kabisa. Aliiangalia kwa muda. Akanirudishia kamera kwa mikono miwili, kwa adabu. "Huyu ni ugonjwa," akasema. "Mimi niko wapi?" Akaingia ndani.

Chacha, mwenye kazi ya maneno, alinisukuma begani. Basi nikamfuata Mzee ndani, mimi ambaye kwa kawaida nilipita sebuleni nikiangalia miguu yangu. "Mzee, ni jua," nikamwambia. "Si wewe. Jua limekaa vibaya. Kesho jioni twende kule kwenye maji. Mwanga utaingia kwa upande wa kushoto, upande mzima. Wa kulia utapumzika kivulini." Aliniangalia kama mtu anayesikia kiti kikizungumza. "Kumbe una sauti," akasema. Kisha, "Haya. Kesho, nikishatoka Kendu kumuaga dada yangu."

Ijumaa nilikwenda ufukweni mapema na kamera. Nilikuwa nimepachagua vizuri. Katika miezi ile jua huwa limesogea kaskazini, na ukiwa pale ufukweni linazamia majini, bila kilima wala mti wa kulizuia. Nilikuwa nimewaambia waje likiwa vidole viwili juu ya maji. Nilinyoosha mkono: vinne. Vitatu. Ndege weupe walikuwa wakirudi, akina mama wakikunja vyandarua vya dagaa waliokaushwa, na mwanga ukaanza kuwa ule ninaoutaka, wa rangi ya mafuta ya mawese. Viwili. Nikageuka kuangalia njia, nikamwona Chacha peke yake, anakimbia.

"Hawaji," akasema. "Jua limezama."

Nikamwonyesha jua.

"Hilo ni lako," akasema Chacha. "La kwao limezama. Mzee alikuwa anafunga tai. Kivuli kikagusa geti. Akaifungua tai, akaitundika, akachukua kitabu cha nyimbo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimepima jua kwa ziwa, siku ya Ijumaa, kwa mtu anayelipima kwa kilima. Nilikaa kwao miezi mingi, nikala chapati za Ijumaa, nikaimba nao wakati wa kufungua Sabato huku jirani akiwa bado anatwanga mahindi juani, na haikunijia akilini. Kwangu jua lilikuwa moja. Tukasimama pale mimi na Chacha, mwanga mzuri kuliko wote wa mwezi ule ukatupita, ukaangaza mawe na mitumbwi iliyofunikwa, na hapakuwa na uso wowote wa kuangukia. Sikubonyeza hata mara moja.

Nyumbani tuliwakuta sebuleni wamekwisha kuimba. Mzee alinitazama kwa huruma. "Ochieng, mwanangu, si kosa lako. Nilichelewa Kendu." Mama alikuwa ameketi na gauni lake la buluu alilolivaa kwa ajili ya picha, mikono mapajani. Alitupakulia wali, akakosea, akampa Chacha sahani mbili. Kesho ilikuwa Sabato, na kupiga picha ni kazi. Keshokutwa Mzee angeondoka na Dani gizani. Nilipolala nilihesabu njia zote na hapakuwa na hata moja.

Sabato ile kanisa lilimwombea Mzee mpaka watu wakachoka magoti. Mchana wageni walifuata nyumbani, wakajaa uani kwenye viti na mikeka: wazee wenzake, akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisa, na mjane mmoja mwenye mdomo mkali aliyeitwa Mama Peres. Walikula wali wa jana, wakasimulia habari za watu waliopasuliwa wakapona, kila mmoja na wake. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikiangalia mwanga kwa mazoea. Jua lilifika ukingo wa kilima, likakatwa, likapotea, na kivuli kikaanza kuteremka, kikapita migomba, kikapita zizi, kikaja mpaka getini. Mama Turfosa akasimama.

"Sabato imekwisha," akasema. "Baba Dani, tufungie kwa sala."

Mzee akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Bado, Mama Dani. Jua liko nyuma ya kilima tu."

"Jana lilikuwa wapi?"

Mzee akasafisha koo. "Kingo hulindwa pande zote mbili," akasema. "Huku unawahi, kule unakawia."

"Nimesikia," Mama akasema. "Jana ulizamisha jua kwa kilima, nikavua viatu nilivyokuwa nimevaa, nikanyamaza. Sabato ni jioni hata jioni. Iliyoingia kwa kilima itoke kwa kilima. Ama wewe una Sabato ndefu kuliko ya Mungu?"

Mama Peres akapiga makofi mara moja. "Ninyi wazee, mjibuni," akasema. "Nimeimba nyimbo nyingi Sabato hii, sijasikia wimbo wa kumjibu huyu." Mzee mmoja akaanza kueleza jambo kuhusu upeo wa macho, mwenzake akamgusa goti akaacha. Mzee Elkana alikuwa akimwangalia mkewe. Sijui aliona nini, lakini nadhani ndipo alipotambua kwamba picha ile haikuwa ya kwake, ilikuwa ya Mama. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, ameshika taya kwa maumivu, machozi yakimtoka. "Nimeshindwa na sheria yangu mwenyewe," akasema. "Simameni tuombe." Ilikuwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akiomba. Kabla amina haijaisha Chacha alikuwa barabarani akipungia pikipiki mkono.

Mzee na Mama walipanda moja, yeye ameshika kofia, Mama ameshika gauni. Mimi na Chacha tulipanda nyingine. Tulipokizunguka kilima, jua likatupiga usoni, zima, juu ya ziwa, kama lilikuwa likitungoja. Nilinyoosha mkono nikiwa bado juu ya pikipiki: kidole kimoja na nusu. Ufukwe ule unatazama kaskazini, na ili upande wa kushoto wa uso wake upate jua, ilibidi nami nisimame mahali palipokuwa maji. Nikaingia na viatu, mpaka magotini. "Ochieng, kuna kiboko," Chacha akapaza sauti. "Amekwisha kula," Mzee akasema, na Mama hatimaye akacheka, na nikabonyeza.

Niliendelea kubonyeza. Sikuwaambia wasimame vipi, sikuhitaji. Mama alikwenda mwenyewe upande wa kulia wa Mzee, ule anaokuwa siku zote wakitembea, bega lake likaja chini ya taya la Mzee. Jua lilimpata Mzee paji la uso, pua, jicho la kushoto, ndevu fupi nyeupe. Upande wa pili haukuwa giza. Maji yalirudisha mwanga kidogo, ukapanda taratibu, kwa hiyo uvimbe ulikuwepo, haukufichwa, ila ulikuwa kitu kimoja kati ya vitu vingi vya uso ule, kama kovu au kunyanzi. "Mama Dani, unanikanyaga," alisema. "Simama basi," alisema Mama. Kisha jua likagusa maji, likazama kwa haraka ile yake, na ziwa likawa la kijivu.

Nilitoka majini nikamwonyesha Mzee. Aliiangalia kwa muda mrefu, kioo kikimwangaza kidevu. "Huyu namjua," akasema. Mama hakutaka kuangalia. Alisema ataangalia akishakuwa peke yake. Jumapili, gari lilipokwisha kuondoka gizani, nilikuwa wa kwanza mlangoni pa duka la kusafisha picha mjini. Nilimletea Mama picha ikiwa kubwa, kwenye fremu. Aliipokea ikiwa imefunikwa kwa gazeti, akaingia nayo chumbani kwake, na kwa wiki zilizofuata ng'ambo ya ukuta hatukusikia sauti, ila mara moja moja karatasi ya gazeti ikifunuliwa na kufunikwa tena.

Mzee alirudi mwezi uliofuata. Alishuka garini mwenyewe. Uso ulikuwa umeinama upande wa kulia, kama nyumba iliyotolewa nguzo moja, na maneno yalimtoka kama mtu mwenye kipande cha muhogo moto mdomoni, lakini alikuwa Mzee Elkana, na madaktari walikuwa wamesema uvimbe umetoka wote. Jioni ile nyumba ilijaa, watu wakala, wakaimba, wakaondoka. Nilimkuta Mama jikoni akimpondea samaki, akitoa miiba kwa vidole, mmoja mmoja. Nikamuuliza, kwa sababu ule mwaka nilikuwa nimeanza kuuliza watu vitu, kama angependa nimpigilie msumari sebuleni, atundike ile picha.

"Ile nimempa dada yake, akae nayo Kendu," akasema.

Labda uso wangu ulionyesha kitu. Akaweka chini kijiko.

"Ilikuwa nzuri, Ochieng. Ilinilaza usingizi. Lakini mwenyewe yuko pale mezani," akasema, akanipa bakuli la samaki. "Mpelekee, kabla hajaanza kuuliza."